Stoo ya Darini Isiyopashwa Joto: Dalili za Matatizo, Vyanzo Vyake na Marekebisho

Nyumba nyingi za Uingereza zina nafasi kubwa kati ya dari ya vyumba vya juu na vigae vya paa, na familia nyingi, zikiwamo za wazungumzaji wa Kiswahili walioko London, Leicester na Reading, huitumia nafasi hiyo kama stoo. Mwenye nyumba hutandika pamba ya kioo kati ya boriti, hupigilia chipubodi (mbao za chembe zilizogandamizwa kwa gundi) juu yake, kisha hupandisha mabegi, vitanda vya watoto waliokwisha kukua na masanduku yanayosubiri kusafirishwa nyumbani. Malalamiko huanza majira ya baridi yanapofika, nayo hufanana mno kutoka nyumba hadi nyumba: maji yanadondoka darini ilhali mvua haijanyesha, vyumba vya chini bado ni vya baridi, maboksi yameota kuvu, au dari ya chumba cha kulala imepata ufa.

Aliyekulia chini ya paa la bati mjini Dar es Salaam au Mombasa anajua darini kuwa ni mahali pa joto kali, kwa hiyo humwia vigumu kukubali kwamba katika Januari ya Uingereza darini panaweza kuwa na baridi inayokaribia ile ya nje, na kwamba hivyo ndivyo panavyopaswa kuwa. Katika stoo isiyopashwa joto, joto la nyumba huzuiwa kwenye dari ya vyumba, si kwenye vigae, na chochote kilicho juu ya pamba kihesabiwe kuwa kiko nje ya nyumba, ila tu hakinyeshewi. Karibu matatizo yote yaliyoelezwa hapa chini yana mizizi miwili: hewa ya vyumbani, yenye joto na unyevu, imepata njia ya kupanda darini, au sakafu imewekwa kwa namna inayoikandamiza pamba. Pamba hupunguza upitaji wa joto, lakini haizuii hewa, na mtu anayetandika pamba nyingi juu ya dari yenye matundu hununua tatizo jipya kwa fedha zake mwenyewe.

Kabla ya kupanda

Ukiwa mpangaji, pata kwanza idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, kwa kuwa marekebisho mengi hapa yanagusa muundo wa jengo. Ukiwa na ruhusa, ukaguzi wa mara ya kwanza uwe wa macho na tochi tu. Simama kwenye ngazi, chungulia, na usiguse kitu hadi uwe umejiridhisha kuhusu mambo haya.

Kama kati ya boriti kuna chembechembe nyepesi za rangi ya kijivu au kahawia zinazometameta, mfano wa kokoto ndogo zenye matabaka, huenda ni vermikulaiti, madini mepesi yaliyotumika kuhifadhi joto, ambayo nyingine huwa na asbesto ndani yake, yaani nyuzi za madini zinazodhuru mapafu zikivutwa. Kama nyumba ilijengwa au kukarabatiwa kabla ya mwaka 2000, na darini kuna mabomba yaliyovishwa kitu kigumu kama plasta, tangi la maji lililotengenezwa kwa saruji ya kijivu, au bomba la zamani la moshi la aina hiyo hiyo, uwezekano wa asbesto ni mkubwa. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake yote mwaka 1999. Katika hali hizi funga mlango wa darini, usifagie, usitumie mashine ya kufyonza vumbi, na mwite mtaalamu mwenye leseni achukue sampuli.

Kama hakuna dalili hizo, vaa barakoa ya kuchuja vumbi ya kiwango cha FFP2 au zaidi, miwani ya kukinga, glavu na nguo za mikono mirefu. Ukanyage boriti tu, au ubao mgumu unaolala juu ya boriti tatu au zaidi, kwa sababu jipsamu, yaani bodi ya dari iliyo katikati, haiwezi kubeba mtu. Mwanga uwe wa betri. Mshumaa na taa ya kandili havina nafasi darini.

Matone, kutu kwenye misumari na madoa meusi chini ya paa

Hili ndilo lalamiko linalosikika zaidi na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Mwenye nyumba akiona maji darini humwita fundi wa paa, na fundi asiye mwaminifu hakosi kigae cha kubadilisha. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutambua kama maji hayo ni ya mvua au ni umande uliozaliwa humo humo ndani.

Maji ya mvua hufuata mvua. Huonekana mahali pamoja, mara nyingi karibu na bomba la moshi, kwenye bonde la paa au pale kigae kilipohama, nayo huacha mchirizi wenye rangi ya kahawia unaoshuka kwenye kombamoyo (mbao za mteremko wa paa) moja au mbili. Umande hufuata baridi. Huonekana asubuhi baada ya usiku mkavu wenye anga safi, umetapakaa upande mzima wa paa, na kila ncha ya msumari iliyotokeza huning'iniza tone lake, au chembe ya barafu ikiwa baridi imezidi. Hewa yenye unyevu inapogusa kitu baridi hutoa jasho kama la chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, na upande wa chini wa paa ndio chupa yenyewe. Upande unaoelekea kaskazini huathirika zaidi kwa kuwa hauoni jua.

Ikiwa ni umande, chanzo kinachoongoza ni mlango wa darini. Milango mingi ya zamani ni kipande cha ubao kilicholala tu juu ya fremu yake, na hewa ya korido hupita pembeni usiku kucha. Jaribio lake ni rahisi: siku yenye upepo, washa kijiti cha udi ukiwa koridoni, kishike chini ya ukingo wa mlango uliofungwa, na utazame moshi unakoelekea. Ukinyooka juu na kutulia, mlango uko salama. Ukivutwa kwenye ufa, umepata mkosaji. Tiba ni utepe wa sponji kuzunguka fremu, komeo mbili zinazoukaza mlango ushuke juu ya sponji hiyo, na kipande cha povu gumu la kuhifadhi joto kilichogundishwa mgongoni mwa mlango. Gharama ni ndogo, na sioni sababu ya mtu kufanya kazi nyingine yoyote darini kabla ya hii.

Chanzo cha pili ni feni ya bafuni. Kuna nyumba ambamo feni hufyonza mvuke wa bafu na kuumwaga darini moja kwa moja, ama kwa sababu bomba lake halikufikishwa nje tangu mwanzo, ama kwa sababu lilichomoka mtu alipokuwa akisukuma maboksi. Fuata bomba hilo kwa tochi kutoka kwenye feni hadi mwisho wake. Linapaswa kutoka nje kupitia kigae maalumu au ukutani, livishwe pamba urefu wake wote ili mvuke usigeuke maji ndani yake, na liinamie kidogo upande wa nje ili maji machache yatakayopatikana yasirudi kwenye feni. Kazi ya kuunganisha bomba ni ya mwenye nyumba. Kutoboa paa na kugusa nyaya za feni ni kazi za mafundi wawili tofauti. Hakikisha pia kwamba feni ina nguvu: kipande cha karatasi laini ya chooni kinapaswa kunaswa na kushikiliwa nayo, na kanuni za ujenzi za England zinadai feni ya bafuni itoe angalau lita 15 za hewa kwa sekunde.

Cha tatu ni matundu madogo ambayo hakuna anayeyakumbuka: pale nyaya za taa zinapopenya, pembeni mwa mabomba ya maji, juu ya kuta za mbao za vyumbani, na kuzunguka taa zilizozamishwa kwenye dari. Funua pamba sehemu hizo. Mara nyingi utaikuta imebadilika kuwa nyeusi, kwa kuwa imekuwa ikichuja vumbi la hewa inayopanda, na weusi huo hukuonyesha tundu lilipo bila kifaa chochote. Ziba kwa silikoni au povu la kujaza, isipokuwa kuzunguka taa na bomba la moshi la boila, ambako povu la kawaida halifai kwa sababu ya joto.

Chanzo cha nne hutokana na bidii. Paa la kawaida la Uingereza hupumua kupitia upenu, ambako hewa ya nje huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Anayetandika pamba huisukuma hadi mwisho kabisa ili pasibaki pembe yenye baridi, na hapo huziba pumzi yote ya paa. Panda mchana, zima tochi, subiri macho yazoee giza, kisha tazama kwenye upenu: kama huoni hata mstari wa mwanga, kuna uwezekano mkubwa kwamba njia imezibwa, ingawa baadhi ya paa zina matundu yaliyofichwa na wavu. Rudisha pamba nyuma hadi ubaki mwanya wa takriban milimita 50 kati yake na paa, na uweke trei za plastiki za upenuni zinazoushikilia mwanya huo usijifunge tena. Kwa paa lenye mteremko unaozidi nyuzi 15, njia ya hewa ya upenuni inapaswa kuwa sawa na mwanya endelevu wa milimita 10, na kwa paa lenye mteremko mdogo zaidi ni milimita 25. Vitu vilivyorundikwa upenuni huziba vilevile, kwa hiyo acha ukingo wa sakafu wazi.

Mwisho kabisa fikiria maisha ya chini. Nyumba yenye watu wengi, ambamo nguo hukaushwa juu ya mashine za joto na ugali huchemka bila dirisha la jikoni kufunguliwa, hutoa mvuke ambao hata dari iliyozibwa vizuri italemewa nao.

Acha kazi na umwite mtaalamu ikiwa bisibisi inazama kwa urahisi kwenye mbao za paa, ikiwa kuvu kimeenea pande zote mbili, au ikiwa karatasi iliyo chini ya vigae imechanika vipande vingi.

Vyumba vya chini havijapata joto, na bili ni ile ile

Boriti za nyumba nyingi za zamani zina kimo cha milimita 75 hadi 100. Kina cha pamba kinachopendekezwa Uingereza leo ni takriban milimita 270. Hesabu hiyo peke yake inaeleza lalamiko lote: aliyepigilia sakafu moja kwa moja juu ya boriti ameacha nafasi ya theluthi moja tu ya pamba inayohitajika, na kama alishindilia pamba nene ili itoshe, hakupata kitu cha ziada, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi, na hewa hiyo hutoka pamba inapokandamizwa.

Anza kwa kufungua ubao mmoja katikati ya stoo na mwingine karibu na ukuta, upime kina kwa rula. Ukikuta milimita 100 au pungufu, umepata jibu. Ukikuta kina kinatosha, tafuta mapengo kati ya vipande vya pamba, sehemu ambazo fundi bomba au fundi umeme aliiondoa na hakuirudisha, na pembe za nyumba ambako upepo wa upenuni huingia chini ya pamba na kuinyanyua. Ishike pia kwa mkono wenye glavu: pamba yenye maji ni nzito, hulala chini na haihifadhi joto, nayo irudishwe tu ikiwa imekauka kabisa na haijapoteza kimo chake. Mlango wa darini usio na povu mgongoni huhesabiwa humu pia.

Marekebisho ya kina kisichotosha ni kuinua sakafu. Tandika safu ya kwanza kati ya boriti hadi ijae, kisha safu ya pili kwa kuikatiza ile ya kwanza ili boriti zenyewe zifunikwe, kwa kuwa mbao hupitisha joto kuliko pamba. Juu ya boriti funga miguu ya plastiki inayouzwa kwa kazi hii, au boriti za pili zinazokatiza zile za chini, na sakafu ikae juu yake. Miguu ya milimita 175 juu ya boriti ya milimita 100 hutoa nafasi ya milimita 275, ambayo inaitosha pamba kwa kubana sana. Mimi ningechagua miguu mirefu zaidi ili ubaki mwanya wa sentimita chache kati ya pamba na sakafu, kwa sababu utakazozisoma katika sehemu inayofuata. Si lazima sakafu ienee kote. Kijia kutoka mlangoni na jukwaa katikati, pale kimo cha paa kinaporuhusu kusimama, vinatosha familia nyingi, na sehemu iliyobaki ya pamba huachwa ipumue.

Chipubodi iliyovimba, maboksi yaliyolowa upande wa chini

Tofauti ya dalili hii na ile ya kwanza ni kwamba paa lenyewe linaweza kuwa kavu. Unyevu umekwama kati ya pamba na ubao. Chanzo kikuu ni sakafu iliyolala juu ya pamba bila mwanya: mvuke mchache unaopenya dari hufika chini ya ubao baridi na kugeuka maji hapo hapo. Cha pili, ambacho hufanywa kwa nia njema, ni karatasi ya nailoni iliyotandazwa juu ya pamba ili kuikinga na vumbi. Nailoni hiyo iko upande wa baridi, kwa hiyo hukusanya maji chini yake. Iondoe yote. Kizuizi cha mvuke kikihitajika, mahali pake ni upande wa joto, yaani juu ya jipsamu na chini ya pamba.

Chanzo cha tatu ni vitu vyenyewe. Zulia lililofuliwa na kupandishwa kabla ya kukauka, hema lililotoka uwanjani, au magodoro yaliyoegemezwa kwenye mteremko wa paa hadi yakagusana na karatasi ya vigae, yote hutosha kulowesha eneo dogo na kumfanya mtu adhani paa linavuja.

Chipubodi ikishavimba hairudi hali yake, hata ikikauka. Ing'oe, ikaushe pamba iliyo chini au uibadilishe, kisha urudishe ubao mpya ukiwa na mwanya chini yake. Kuvu chepesi juu ya ubao mzima hufutika, lakini usikisugue kikiwa kikavu bila barakoa.

Kuhusu nini kiwekwe darini, ushauri wangu ni wa kihafidhina. Picha za karatasi, vyeti, vitabu, vifaa vya ngozi na mikeka ya ukindu visipandishwe kabisa, kwa kuwa baridi na unyevu hupanda na kushuka kila siku. Nguo zinaweza kukaa humo zikiwa kavu kabisa, ndani ya masanduku ya plastiki yenye mfuniko unaobana, yaliyofungwa siku isiyo na mvua. Boksi la karatasi hunywa unyevu na kuukabidhi kwa kilichomo.

Ufa kwenye dari ya chini, dari inayobonyea, sakafu inayolia

Boriti za darini katika nyumba ya kawaida hazikuwekwa kwa ajili ya sakafu ya watu. Kazi yake ni kubeba jipsamu, kufunga miguu ya paa isitanuke, na kuhimili mzigo mwepesi unaokadiriwa kuwa takriban kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Begi moja la safari la kilo 23, kama tunavyolijua sote kwenye uwanja wa ndege, karibu linamaliza fungu la mita nzima ya mraba, na chipubodi ya milimita 18 peke yake ina uzito wa kilo 12 hivi kwa mita ya mraba kabla hujaweka kitu. Mapipa ya plastiki ya kusafirishia mizigo, yakijazwa vyombo na vipodozi, hayafai kukaa darini hata siku moja.

Nyufa nyembamba zilizojitokeza siku ya kazi au siku chache baadaye mara nyingi hazitokani na uzito bali na nyundo. Katika nyumba zilizojengwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia dari nyingi ni za fito nyembamba zilizopigwa plasta ya chokaa, na plasta hiyo hushikiliwa na vidole vilivyopenya kati ya fito. Kila pigo la nyundo juu huvunja vidole kadhaa. Sakafu ya darini ifungwe kwa skrubu na drili, kamwe isipigiliwe misumari. Ukiwa umeshachelewa, bonyeza plasta taratibu kutoka chini kwa kiganja: ikicheza, imeachia fito, nayo inaweza kuanguka kwa pamoja. Usilale chini yake hadi fundi wa plasta aikague.

Kubonyea ni jambo zito zaidi. Vuta uzi kutoka ukuta mmoja hadi mwingine chini ya dari na upime pengo la katikati, uandike kipimo na tarehe, kisha upunguze mzigo na upime tena baada ya wiki chache. Vitu vizito, kama haviepukiki, vikae karibu na kuta zinazobeba boriti, si katikati ya chumba.

Nyumba nyingi zilizojengwa tangu miaka ya 1960 zina kenchi za kiwandani, ambazo mbao zake nyembamba zimeunganishwa kwa bamba za chuma zenye meno na hukatiza nafasi ya darini kwa umbo linalofanana na herufi W. Zinakera, kwa kuwa zinazuia maboksi kupita. Hata hivyo, kukata mguu mmoja tu wa kenchi, au kutoboa tundu kubwa ndani yake, ni kubomoa paa polepole. Ukikuta mtu aliyekutangulia ameshakata, au ukiona milango ya vyumba vya juu imeanza kukwama na nyufa zinapanuka, shusha mzigo wote siku hiyo hiyo na umwite mhandisi wa miundo. Seremala, hata awe hodari, hatoshi hapa.

Sakafu inayolia bila dalili nyingine huwa na sababu nyepesi: ubao ulioishia hewani kati ya boriti mbili, au skrubu chache mno. Ongeza kipande cha mbao chini ya maungio, kaza, na uendelee na kazi.

Taa zinazozimika, harufu ya plastiki inayoungua

Hapa hakuna jaribio la kufanya. Zima umeme kwenye swichi kuu, ondoka darini na umwite fundi umeme aliyesajiliwa. Nitaeleza vyanzo ili tu uelewe atakachokuambia.

Waya unaobeba umeme hutoa joto, na ukizungukwa na pamba hauna pa kulipeleka. Waya wa kawaida wa soketi, wenye unene wa milimita za mraba 2.5, unaruhusiwa kubeba ampea 27 ukiwa umebanwa juu ya ukuta, lakini ukifunikwa kabisa na pamba uwezo wake hushuka hadi ampea 13.5. Hatari zaidi ni waya wa shawa ya umeme, ambayo hula ampea 40 na ushei inapofanya kazi. Ndiyo maana nyaya huinuliwa na kulazwa juu ya pamba, bila kuvutwa, au hubanwa ubavuni mwa boriti na kuachwa wazi. Taa zilizozamishwa kwenye dari nazo huungua au hujizima zikifunikwa, isipokuwa zile zilizotengenezwa kufunikwa. Nyingine huwekewa kofia maalumu isiyoshika moto kabla pamba haijarudishwa. Chanzo kisichofahamika sana ni povu jeupe la polistairini: likigusana na waya wa plastiki kwa miaka, hufyonza ulaini wa plastiki hiyo na kuuacha mkavu na unaopasuka.

Ukikuta nyaya zilizovishwa mpira mweusi au kitambaa, usizisogeze. Zimeshapita umri wake.

Maji yaliyoganda mabombani

Darini palipohifadhiwa vizuri huwa na baridi zaidi kuliko zamani, kwa hiyo bomba lililopona miaka yote linaweza kuganda majira ya kwanza baada ya kazi yako. Vika mabomba yote, funika tangi pande zake na juu, lakini usitandike pamba chini ya tangi linalokaa karibu na dari, kwa kuwa joto kidogo linalopanda kutoka chumbani ndilo linalolilinda. Bomba likiganda, funga valvu kuu ya maji, ambayo mara nyingi iko chini ya sinki la jikoni, fungua mfereji ulio karibu, na uliyeyushe kwa taulo za maji ya moto ukianzia upande wa mfereji. Moto wa gesi usitumike. Maji hayatoki bomba linapopasuka bali barafu inapoyeyuka, basi kuwa karibu wakati huo. Likiwa limepasuka, fundi bomba.

Kinyesi, mikwaruzo ya usiku, sauti za mbawa

Panya huacha punje ngumu na huguguna nyaya. Ziba matundu yao ya kuingilia kabla ya kutandika pamba, vinginevyo utakuwa umewatandikia. Nyigu hukihama kiota chao majira ya baridi na hawakirudii, kwa hiyo subiri. Popo ni suala jingine. Kinyesi chao hufanana na cha panya lakini husagika vidoleni kuwa unga wenye mbawa za wadudu. Wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981, na makazi yao hulindwa hata wakiwa hawapo, hivyo kuziba tundu lao au kutandika pamba juu ya makazi hayo kunaweza kukufikisha mahakamani. Simamisha kazi na uulize kwanza Natural England, taasisi ya serikali ya mazingira asilia, au Bat Conservation Trust, shirika la kuhifadhi popo.

Kama uko Minnesota au Ontario

Baridi ya huko ni kali zaidi na viwango vya pamba ni vikubwa zaidi, lakini dalili moja huonekana kwa nje: miiba mirefu ya barafu upenuni na maji yanayorudi chini ya paa. Hewa ya vyumbani inapopasha paa, theluji iliyo juu huyeyuka, hutiririka hadi upenuni ambako hakuna joto, huganda na kujenga ukuta unaozuia maji yanayofuata. Nyaya za kupasha upenu hupunguza dalili. Tiba ni kuziba matundu ya dari na kuongeza pamba. Vermikulaiti pia ilitumika sana Amerika Kaskazini, na nyingi ilitoka mgodi ulio karibu na mji wa Libby, Montana, uliofungwa mwaka 1990, ambao madini yake yalikuwa na asbesto. Ukiikuta, iache ilale.

Tatizo likirudi baada ya marekebisho

Nunua kipima unyevu cha bei nafuu, kiache darini mbali na mlango, na ukisome asubuhi zenye baridi. Kipimo cha sindano kinachochomwa kwenye mbao ni bora zaidi: mbao zinazobaki juu ya asilimia 20 ya unyevu kwa muda mrefu ziko katika hatari ya kuoza. Zikipita hapo katikati ya Januari na kushuka Aprili bila kuacha madoa mapya, ongeza tundu za hewa na uendelee kufuatilia. Zisiposhuka, ita mkaguzi wa majengo anayejitegemea na umlipe kwa ripoti yake, si mtu anayetembelea nyumba kwa nyumba akiuza povu la kupuliziwa chini ya vigae. Povu hilo huficha mbao zisikaguliwe na linaweza kunasa unyevu nyuma yake, na baadhi ya wakopeshaji Uingereza hukataa kutoa mkopo wa nyumba iliyopuliziwa. Kuliondoa ni kazi ya kulikwangua kwa mkono, kombamoyo baada ya kombamoyo.